Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar na Ziara Zinazowagawa Mashabiki Wake

Tarehe 24 Novemba 1991 alifariki dunia jijini London, akiwa na umri wa miaka 45, mwimbaji Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Zaidi ya miongo mitatu imepita, lakini mashabiki wake hawajakubaliana ni ziara ipi ya muziki iliyomwonesha akiwa katika kilele cha uwezo wake. Wapo wanaosimama na miaka ya 1970, alipokuwa kijana mwenye nywele ndefu akiimba katika kumbi za watu elfu chache. Wapo wanaoshikilia miaka ya 1980, alipokuwa na nywele fupi na masharubu mazito, akiongoza viwanja vizima kwa kuinua mkono mmoja.

Kwa asiye shabiki, ubishi huo waweza kuonekana mchezo wa kupitisha muda. Hata hivyo, kila ziara inayotajwa ina sauti yake, mavazi yake na uamuzi uliofanywa nyuma ya pazia. Ziara hizo zikipangwa kwa mfuatano, hueleza maisha ya msanii huyo kwa ukamilifu zaidi kuliko orodha ya nyimbo zake, na haziachi nje uamuzi ambao bado unawatia simanzi wengi wanaompenda.

Kutoka Unguja hadi London

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat nchini India na waumini wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu, enzi za utawala wa Waingereza visiwani.

Akiwa bado mtoto alipelekwa katika shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, magharibi mwa India. Huko ndiko alikojifunza piano, akaunda na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, na akaanza kuitwa Freddie. Alirejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza na kuweka makazi Feltham, pembezoni mwa London.

Kijana huyo alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Ni yeye aliyependekeza bendi iitwe Queen, akachora nembo yake, kisha akajichagulia jina la Mercury. Mpiga gitaa la besi John Deacon alikamilisha kundi hilo mwaka 1971, na wanne hao hawakubadilika hadi mauti yalipowatenganisha.

Miaka ya kumbi ndogo

Ziara za kwanza hazikuwa za wafalme wa jukwaa. Mwishoni mwa mwaka 1973 Queen walizunguka Uingereza wakiwa bendi ya kutangulia kundi la Mott the Hoople. Mwaka 1974 walilifuata kundi hilo hadi Marekani, lakini May akaugua homa ya ini na safari ikakatishwa. Novemba mwaka huo walirudi London kwa maonesho yao wenyewe katika ukumbi wa Rainbow, ambayo hadi leo hutajwa na mashabiki wa enzi hiyo kuwa kipimo cha Queen halisi.

Hoja yao ni nzito. Jukwaani walikuwa watu wanne tu, bila msaidizi na bila kinanda cha elektroniki. Nyimbo zilikuwa ndefu, zenye mizunguko mingi ya ghafla, na sauti ya Mercury ilipanda juu kwa wepesi wa ujana. Alivaa vazi jeupe lenye mikunjo kama mabawa, kazi ya mbunifu Zandra Rhodes, na kushika nusu tu ya nguzo ya kipaza sauti. Nusu hiyo ilitokana na ajali: nguzo ilikatika katika onesho la siku za mwanzo, naye akaendelea kuimba na kipande kilichobaki. Tangu hapo kipande hicho kikawa alama yake.

Wanaopinga hukumbusha kuwa sauti hiyo haikuwa salama hata wakati huo. Katika ziara ya Marekani ya mwaka 1975 alipata vinundu kwenye nyuzi za sauti na baadhi ya maonesho yakafutwa. Hata hivyo, mwaka huo huo Queen walipokewa kwa shangwe kubwa nchini Japani, na tarehe 24 Desemba onesho lao katika ukumbi wa Hammersmith Odeon lilirushwa na BBC. Tarehe 18 Septemba 1976 walitumbuiza bila kiingilio katika bustani ya Hyde Park, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu 150,000 au zaidi.

Umati unapewa nafasi

Mwaka 1977 ndio unaozigawa enzi hizo. Katika albamu ya mwaka huo Queen waliweka nyimbo mbili, moja ya May na nyingine ya Mercury, zilizotungwa ili watazamaji washiriki kwa miguu, makofi na sauti zao. Taa za jukwaa zilipangwa kwa umbo la taji kubwa lililoinuka onesho lilipoanza. Tangu hapo mtazamaji hakuwa tena mtu wa kutazama tu, bali sehemu ya wimbo.

Mwaka 1980 yalifuata mageuzi mengine. Mercury alikata nywele na kufuga masharubu, na bendi ikatumia vinanda vya elektroniki kwa mara ya kwanza katika albamu. Si wote walioyapokea mabadiliko hayo: nchini Marekani baadhi ya mashabiki walimrushia nyembe jukwaani, wakimtaka anyoe.

Mwaka 1981 walikwenda Argentina na Brazili, na katika uwanja wa Morumbi jijini São Paulo usiku mmoja ulikusanya watu zaidi ya 130,000. Maelfu ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao waliuimba kwa pamoja wimbo wa mapenzi alioutunga Mercury, naye akawaachia waendelee. Kwa mashabiki wengi wasiotaka kuchagua kati ya enzi mbili, ziara za mwaka 1980 na 1981 ndizo jawabu, kwa kuwa sauti ilikuwa bado na nguvu na umati ulikuwa tayari mkononi.

Mwaka 1982 hupata watetezi wachache. Albamu ya mwaka huo iliegemea muziki wa dansa, mpiga kinanda wa ziada akaongezwa jukwaani, na wapenzi wa roki wakalalamika. Ziara hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Mercury nchini Marekani.

Doa la Sun City

Oktoba 1984 Queen walikwenda kutumbuiza Sun City, kituo cha starehe kilichokuwa Bophuthatswana, eneo ambalo utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulilitangaza kuwa nchi huru lakini dunia ikakataa kulitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii kuisusia Afrika Kusini. Bendi ilijitetea kwamba kazi yake ni muziki na si siasa. Utetezi huo haukukubaliwa: chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya wasanii waliokiuka mgomo huo.

Kwa Watanzania jambo hilo lina uzito wa pekee. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na huko Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi walikuwa wakisoma katika shule ya chama cha ANC. Msanii aliyezaliwa Zanzibar alisimama kwenye jukwaa ambalo nchi ya kuzaliwa kwake ilikuwa ikipambana na wenye nalo. Hata kwa kipimo cha muziki pekee ziara hiyo haikufanikiwa, kwani sauti ilimkauka Mercury na baadhi ya maonesho yakafutwa. Mashabiki wanapolinganisha ziara, hii hutajwa kwa sauti ya chini, lakini hulazimika kutajwa.

Viwanja vya mwisho

Januari 1985 Queen walishiriki tamasha la Rock in Rio nchini Brazili. Tarehe 13 Julai mwaka huo walipanda jukwaani katika uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Walipewa takribani dakika 20 mbele ya watu wapatao 72,000, huku mamilioni wakitazama kwa televisheni. Hapakuwa na taa za taji wala moshi, kwa sababu ilikuwa mchana na jukwaa lilikuwa la wote. Mercury alitoa sauti, umati ukairudia, akaikunja, umati ukaikunja. Wanaotetea miaka ya 1980 hawahitaji ushahidi mwingine.

Ziara ya mwaka 1986 ilikuwa na maonesho 26 barani Ulaya, yakiwemo mawili ya Wembley na moja la Budapest, Hungaria, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa kikomunisti. Mercury alivaa koti la manjano, na mwisho wa onesho alitoka na joho na taji. Wasikilizaji makini wa kanda za ziara hiyo huonesha jinsi sauti ilivyokuwa nzito na yenye mikwaruzo, na jinsi alivyozikwepa noti za juu ambazo miaka kumi kabla alizifikia kwa urahisi. Wenzao hujibu kwamba kilichopungua kooni kiliongezeka katika uwezo wa kuwashika watu zaidi ya laki moja kwa pamoja.

Tarehe 9 Agosti 1986, huko Knebworth, Uingereza, ziara ilikamilika. Watazamaji hawakujua kuwa walikuwa wakishuhudia onesho la mwisho la Queen wakiwa na mwimbaji wao.

Ugonjwa na kilichofuata

Mwaka 1987 Mercury alipimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI. Aliendelea kurekodi studioni hadi miezi yake ya mwisho, lakini ziara zilikoma na sababu haikutajwa hadharani. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa umma kuwa anaugua UKIMWI, na siku iliyofuata akafariki. Mazishi yake yalifanywa kwa taratibu za dini ya wazazi wake.

Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu waliandaa tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley, na fedha zilizopatikana zikaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na UKIMWI. Novemba 2003 May na Taylor walitumbuiza Cape Town katika tamasha la kampeni ya Mzee Nelson Mandela dhidi ya ugonjwa huo. Safari hiyo Queen walifika Afrika Kusini iliyo huru, kwa mwaliko wa mtu ambaye mwaka 1984 alikuwa bado gerezani.

Mjini Unguja, makumbusho yenye jina la Freddie Mercury yalifunguliwa mwaka 2019 katika eneo la Shangani. Wageni hupita humo wakitazama picha za mtoto Farrokh, za kijana mwenye vazi jeupe na za mtu mzima mwenye koti la manjano. Wengi wao huwa wameshachagua zama zao kabla ya kuingia mlangoni, lakini kuta za makumbusho hayo huwalazimu kumtazama mtu huyo mmoja kuanzia mwanzo.