Grace Hopper: Mwalimu wa hesabu aliyeifundisha kompyuta lugha ya biashara

MKULIMA wa Katesh au Dongobesh anayekwenda kwa wakala kununua mbolea ya ruzuku hutakiwa kutaja namba yake ya usajili. Wakala huiingiza namba hiyo kwenye mfumo, mfumo unaitambua, na mkulima anaondoka na mfuko wake kwa bei iliyopunguzwa. Utaratibu huo ulianza msimu wa 2022/2023. Nyuma ya namba hiyo ipo programu ya kompyuta, na nyuma ya programu yupo mtu aliyekaa kitako akaiandika.

Vijana wengi wa wilaya za Mbulu na Hanang wanaomaliza kidato cha nne na cha sita huiona kazi ya kuandika programu kuwa ni ya watu wa mbali, waliosoma mjini na wanaozungumza Kiingereza kama maji. Wazazi nao husita kutoa ada kwa masomo ambayo hawaoni mazao yake kwa macho.

Maisha ya Grace Hopper, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1992, yanaonyesha vingine. Alianza kuandika programu akiwa na umri wa miaka 37, wakati ambao hapakuwa na shule ya kazi hiyo wala kitabu chake. Baadaye alitumia miaka mingi kupigania jambo moja: kwamba mfanyabiashara aweze kuiagiza kompyuta kwa maneno ya kazi yake mwenyewe.

Afungua saa zote nyumbani

Grace Brewster Murray alizaliwa jijini New York Desemba 9, 1906. Watanzania wanaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: siku alipotimiza miaka 55, Tanganyika ilipata Uhuru.

Baba yake alikuwa wakala wa bima. Babu yake mzaa mama alikuwa mhandisi na mpimaji wa mitaa ya jiji, na mjukuu alikuwa akifuatana naye kazini kumshikia mti wa kupimia. Akiwa na miaka saba aliifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha ilivyokuwa, alichukua nyingine, na nyingine tena, hadi akawa amezifungua zote saba zilizokuwamo nyumbani. Mama yake hakumchapa. Alimwachia saa moja ya kuchezea na kumkataza kuzigusa zilizobaki.

Baba huyo, ambaye alikatwa miguu kutokana na maradhi, alitaka mabinti zake wasome sawasawa na mtoto wa kiume ili waweze kujitegemea. Hata hivyo safari haikuwa nyepesi. Grace alifeli mtihani wa Kilatini na ikambidi asubiri mwaka mzima kabla ya kupokelewa katika Chuo cha Vassar. Alihitimu hesabu na fizikia mwaka 1928, akaenda Yale ambako alipata shahada ya pili mwaka 1930 na udaktari wa hesabu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, na jina hilo alibaki nalo hata baada ya ndoa kuvunjika mwaka 1945.

Kuanzia mwaka 1931 alifundisha hesabu Vassar. Wanafunzi wake walishangaa kupewa insha katika somo la hesabu na kusahihishiwa hadi lugha. Msimamo wake ulikuwa kwamba kujua hesabu hakusaidii iwapo mtu hawezi kumweleza mwenzake akaelewa. Msimamo huo ndio uliokuja kumpa jina.

Mashine ya mita 15

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi Desemba 1941, Hopper aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alikataliwa. Umri wake ulikuwa umezidi, na kilo zake hazikufikia kiwango. Hakukata tamaa, aliomba kibali maalumu, akapokelewa Desemba 1943, na mwaka uliofuata alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali ilipokuwa kompyuta iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha mita mbili na nusu na uzito wa zaidi ya tani nne. Pamoja na ukubwa huo, ilijumlisha namba tatu tu kwa sekunde. Mkuu wa mradi, Howard Aiken, alimpa kazi siku ileile aliyofika. Vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch, ndio waliomwelekeza. Hivyo akawa mtu wa tatu kuandika programu za mashine hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Kila mstari wa matundu uliiambia mashine ichukue namba kutoka wapi, ifanye nini na iweke jibu wapi. Tundu moja likikosewa, jibu lote linaharibika, na jibu hilo lilisubiriwa na jeshi lililokuwa vitani. Aiken alimwamuru Hopper aandike kitabu cha matumizi ya mashine hiyo. Kilichapishwa mwaka 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500.

Hapa inafaa kusahihisha hadithi moja inayosimuliwa sana. Inasemekana Hopper ndiye aliyemkuta mdudu ndani ya kompyuta, na kwamba ndiyo asili ya makosa ya programu kuitwa wadudu. Ni kweli kwamba Septemba 9, 1947 nondo alikutwa ndani ya mashine ya Mark II na kubandikwa kwenye daftari la kazi. Lakini aliyemkuta hakuwa Hopper, na neno hilo lilikuwa likitumiwa na mafundi miaka mingi kabla. Yeye aliisimulia tu habari hiyo kwa ufundi hadi ikawa yake.

Daftari la kuazimana

Wakiwa Harvard, Hopper na Bloch walikuwa na desturi ya kuandika kwenye madaftari vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Mmoja akihitaji kipande cha kukokotoa jambo fulani, humwazima mwenzake na kunakili kwa mkono. Tatizo likawa kunakili: watu hukosea kuandika, na hukosea kujumlisha.

Harvard haikumpa ajira ya kudumu. Mwaka 1949 alihamia Philadelphia, katika kampuni changa ya wahandisi J. Presper Eckert na John Mauchly waliokuwa wakitengeneza kompyuta ya biashara iitwayo UNIVAC. Kampuni ilikuwa taabani kifedha, na mwaka 1950 ilinunuliwa na Remington Rand. Miaka hiyo ilikuwa migumu kwake pia. Alikuwa akinywa pombe kupita kiasi hadi kukamatwa na polisi, na marafiki zake walilazimika kumkabili waziwazi. Alipata msaada, akarudi kazini.

Ndipo lilipokuja wazo kubwa. Kama kompyuta ni hodari wa kunakili na kujumlisha, kwa nini isipewe yenyewe kazi ya kuchukua vipande vile na kuviunganisha? Mwaka 1952 alitoa programu aliyoiita A-0. Mtumiaji aliorodhesha vipande anavyotaka, na mashine ikavitafuta na kuvipanga yenyewe. Ni kama karani wa ghala anayepewa orodha fupi badala ya kuongozwa mkono kwa mkono hadi kwenye kila gunia. Wengi hawakuamini. Kwao kompyuta ilikuwa chombo cha kukokotoa. Habari ya kuandika programu waliiona ni ndoto.

Mashine yaelewa Kifaransa

Hopper hakuishia hapo. Wateja wa UNIVAC walikuwa makampuni ya bima, viwanda na idara za serikali. Watu wa huko walijua mishahara, ankara na hesabu za ghala, lakini alama za hesabu ziliwatisha. Yeye akashauri kwamba waiandikie mashine maneno ya kawaida, kisha mashine yenyewe iyatafsiri kuwa namba zake.

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa vitunguu saumu mjini Mbulu. Hesabu yake ni hii: zidisha kilo kwa bei, ondoa ushuru, andika malipo. Huhitaji shahada ya hesabu kuisoma sentensi hiyo na kujua kama ina kosa. Meneja anaweza kuikagua, na karani atakayekuja miaka kumi baadaye ataielewa.

Mwaka 1955, ili kuwashawishi wakubwa wake, aliwaonyesha programu ndogo yenye amri za Kiingereza. Kisha akawaonyesha programu ileile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Alidhani watafurahi. Badala yake walishtuka, wakaona haiwezekani kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ielewe lugha za kigeni. Ikamchukua miezi kuwatuliza kwa kuwaahidi kuwa ataishughulikia kwa Kiingereza peke yake.

Wakubwa hao hawakuelewa kwamba kwa kompyuta hata Kiingereza ni lugha ya kigeni. Mashine haijui lugha yoyote. Neno kwake ni kibandiko tu, na anayeandika programu ya kutafsiri ndiye anayeamua kibandiko kisomeke vipi. Amri hizo zingeweza kuwa za Kiswahili, na zingeweza kuwa za Kiiraqw.

Kazi hiyo ilizaa FLOW-MATIC, lugha ya kwanza ya programu za biashara iliyotumia maneno ya Kiingereza. Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali ya Marekani, watengenezaji na watumiaji wa kompyuta walikutana kutafuta lugha moja itakayofanya kazi kwenye mashine za kampuni zote. Matokeo yake ni COBOL. Hopper hakuiandika peke yake kama inavyodaiwa mara nyingi. Iliandikwa na kamati, akiwamo Jean Sammet, lakini FLOW-MATIC ilikuwa msingi wake mkubwa na Hopper alikuwa mshauri. Desemba 1960 programu ileile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Arudishwa kazini

Mwishoni mwa mwaka 1966 Jeshi la Wanamaji lilimstaafisha kwa umri. Miezi michache baadaye, Agosti 1967, lilimwita tena kwa miezi sita ili asawazishe lugha za kompyuta zilizotumiwa jeshini. Miezi sita hiyo ikawa miaka 19. Alistaafu Agosti 14, 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (Rear Admiral), mzee kuliko ofisa mwingine yeyote aliyekuwa kazini katika jeshi hilo.

Miaka hiyo yote alizunguka akihutubia vijana. Aligawa vipande vya waya vya urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao mwanga husafiri kwa nanosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Hata majenerali walielewa kwa nini mawasiliano ya setilaiti huchelewa. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba mazoea si sheria.

Baada ya kustaafu aliajiriwa kuwa mshauri wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment hadi alipofariki Januari 1, 1992, akiwa na miaka 85. Mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru ya Marekani.

Kazi yake haikuzikwa naye. COBOL bado inaendesha shughuli za mabenki na serikali nyingi duniani. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, gavana wa jimbo la New Jersey aliomba hadharani wajitolee watu wanaoijua, kwa sababu mifumo ya zamani ya malipo ya wasio na kazi ilikuwa imezidiwa.

Funzo kwa Mbulu na Hanang

Tanzania ilianza mapema. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965, miaka mitano tu baada ya COBOL. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ingawa masharti yalilegezwa baadaye, kizazi kizima kilikua bila kuziona. Kijana wa leo hana kizuizi hicho. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha masomo hayo, na Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati. Aidha, masomo ya bure yapo kwenye intaneti, na anaweza kuanza na simu kabla ya kupata kompyuta.

Kuanza si kumaliza. Atakayedhani miezi mitatu inatosha kupata mshahara mnono atavunjika moyo. Hopper alikuwa na udaktari wa hesabu, na bado alilazimika kukaa na mashine usiku kucha.

Hata hivyo lipo jambo ambalo kijana wa Mbulu au Hanang analo tayari. Hopper hakuwashinda wenzake kwa hesabu. Aliwashinda kwa kujali mtu wa bima na wa ghala anafanya kazi vipi na anatumia maneno gani. Anayejua jinsi daftari la chama cha msingi linavyojazwa, jinsi ng'ombe anavyouzwa mnadani, au kwa nini hesabu ya magunia ya ngano ya Basotu haiwiani na ya mnunuzi, anajua nusu ya programu kabla hajaandika mstari wa kwanza. Mwandishi wa programu aliyeko Dar es Salaam hana budi kumfuata amwulize.

Aanze na daftari moja. Achague hesabu moja inayowasumbua nyumbani au chamani, aiandike hatua kwa hatua kwa Kiswahili hadi mtu mwingine aisome na kuielewa bila kuuliza. Akishaweza hilo, lugha ya kompyuta itakuwa ni lugha nyingine tu ya kujifunza, na watu wa huku wamezoea kuzungumza zaidi ya moja.