Virginia Apgar, daktari wa zile namba zilizo kwenye kadi ya mtoto wako

Ukijifungulia hospitali, iwe Mbinga mjini, Litembo, Liuli au Mbamba Bay, mkunga huandika namba mbili kuhusu mtoto wako kabla hata hujamshika vizuri. Utaziona kwenye kadi au kwenye karatasi ya rufaa, pengine 8 na 10, pengine 4 na 7, na pembeni neno Apgar. Mzazi ambaye mtoto wake amelazwa wodi ya watoto wachanga huisoma karatasi hiyo mara nyingi kuliko muuguzi anavyodhani. Na kwa kuwa wengi wetu tumepita kwenye shule za mitihani, 4 kwa 10 tunaisoma kuwa ni kufeli. Wapo wazazi wanaorudi nyumbani wakiamini kwamba mtoto wao amekwisha hukumiwa kuwa mzito wa akili. Leo nakusimulia habari za mtu aliyezibuni namba hizo, maana ukimjua yeye utajua zilikusudiwa kufanya kazi gani.

Apgar ni jina la mtu. Wanafunzi wetu hufundishwa kuligeuza kuwa kifupisho cha maneno matano ya Kiingereza ili wasisahau, lakini hilo lilibuniwa na wengine, miaka mingi baadaye. Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Nyumbani kwao maradhi hayakuwa mageni. Kaka yake mmoja alikufa mapema kwa kifua kikuu, na mwingine alikuwa na ugonjwa wa muda mrefu. Familia ilipenda muziki, naye akajifunza kupiga fidla tangu utotoni, akaendelea nayo maisha yake yote. Ukubwani alijifunza hata kuchonga fidla zake mwenyewe.

Aliingia chuo cha udaktari cha Columbia, New York, mwaka 1929, mwaka ule ule uchumi wa Marekani ulipoporomoka. Alihitimu mwaka 1933 akiwa na madeni, akaanza kujifunza upasuaji. Mkuu wake, Allen Whipple, alikuwa ameona wanawake wengine aliowafundisha upasuaji wakishindwa kupata wagonjwa, akamshauri aende kwenye dawa za usingizi, kazi ambayo wakati huo ilifanywa zaidi na wauguzi. Sisi madaktari wanawake tunaujua ushauri wa namna hiyo. Yeye aliufuata, na mwaka 1938 akawa kiongozi wa kitengo cha usingizi. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kupata uprofesa kamili katika chuo hicho.

Mtu wa usingizi husimama kichwani pa mama, na kutoka pale aliona jambo lililomsumbua. Mtoto akishatoka, macho yote yalibaki kwa mama. Mtoto aliyelegea, asiyelia, mwenye rangi ya bluu, aliwekwa kando, na mara nyingi alihesabiwa kuwa amezaliwa mfu au hawezi kupona. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumtazama kwa utaratibu. Siku moja mwanafunzi alimuuliza namna ya kupima hali ya mtoto anapozaliwa. Apgar akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu, akaandika mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, ukakamavu wa misuli, mtoto anavyoitikia akisumbuliwa, na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa 0, 1 au 2, na jumla ya juu ni 10. Alikiwasilisha kipimo hicho mbele ya wenzake mwaka 1952, kikachapishwa mwaka 1953.

Angalia alivyopanga muda. Mtoto alipimwa dakika moja baada ya kuzaliwa, na baadaye ikaongezwa dakika ya tano. Kwa kuwa mtu alitakiwa kuandika namba, mtu alilazimika kumsogelea mtoto na kumtazama. Aliyemtazama aliona kuwa moyo unapiga, na mtoto ambaye moyo wake unapiga husaidiwa kupumua. Kwa kulinganisha namba hizo na vipimo vya damu, Apgar na wenzake walionyesha kuwa watoto wenye alama ndogo walikuwa wamepungukiwa oksijeni, na kwamba baadhi ya dawa za usingizi walizopewa mama zilikuwa zikiwalegeza watoto. Yaani namba ilimkosoa hata yeye na fani yake, naye akakubali.

Kwa hiyo ukiona 4 ya dakika ya kwanza na 7 ya dakika ya tano, unasoma habari ya mtoto aliyepata shida na watu waliomkimbilia. Ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Ikiwa bado iko chini ya 7, wauguzi hupima tena kila baada ya dakika 5. Alama ndogo ya dakika ya tano si ya kupuuzwa. Ndiyo maana mtoto hulazwa, hupewa oksijeni, huangaliwa degedege na sukari ya damu. Lakini vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi huko huko Marekani vinaonya kwamba alama hii haifai kutumika kubashiri akili ya mtoto mmoja mmoja, na watoto wengi wenye alama ndogo hawapati mtindio wa ubongo. Ile 10 yenyewe ni adimu kwenye dakika ya kwanza, kwa sababu viganja na nyayo za mtoto mzima kabisa hubaki na ubluu kwa muda. Kwa watoto wetu weusi tunatazama midomo na ulimi.

Hakuna mkunga anayesubiri dakika ya kwanza itimie ndipo aanze kumsaidia mtoto. Anamfuta, anamkausha, anamsisimua, na asipopumua anamsukumia hewa kwa mfuko na barakoa. Hospitali 8 za Tanzania zilipofundisha wakunga kazi hiyo kuanzia mwaka 2009, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo baba, ukiwa nje ya leba na ukaona mtoto anapitishwa mbio amefunikwa, bila mtu kukuambia neno, hasira yako naielewa. Mbio zenyewe ni tiba. Hali ikitulia una haki ya kuuliza: alilia baada ya muda gani, alisaidiwa kupumua kwa muda gani, alama ya dakika ya tano ni ngapi, na je, amepata degedege?

Wewe mama uliyetoka mwambao wa ziwa kwa rufaa, nina neno moja la nyongeza. Unaondoka Mbamba Bay au Liuli kwenye joto ukiwa na kanga mbili, gari linapanda milima ya Umatengo, na mnafika kwenye baridi, hasa Juni na Julai. Mtoto mchanga aliyepoa hupumua vibaya na sukari yake hushuka. Muuguzi akiruhusu, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, avae kofia na soksi, kisha mjifunike pamoja. Akiwa amelazwa na hawezi kunyonya, anza kukamua maziwa mapema na uendelee usiku na mchana, hata yakitoka matone.

Apgar mwenyewe hakuolewa wala hakuzaa, lakini miaka yake ya mwisho aliwapa wazazi. Mwaka 1959 alisomea afya ya jamii, kisha akajiunga na taasisi ya March of Dimes kushughulikia watoto wanaozaliwa na kasoro, akizunguka kuzungumza hadharani juu ya jambo ambalo familia nyingi zilikuwa zikilificha ndani. Mwaka 1972, pamoja na mwandishi Joan Beck, alitoa kitabu cha wazazi ambacho jina lake ni lile swali la kila mama anayetoka leba: je, mtoto wangu yuko salama? Alifariki New York tarehe 7 Agosti 1974.

Swali hilo halijibiwi siku moja. Mtoto aliyelazwa kwa kushindwa kupumua mrudishe kliniki kwa tarehe uliyopewa hata kama ananenepa, na karatasi ya hospitali uje nayo. Akiacha kunyonya, akipata joto au kupoa, akishtuka-shtuka mwili, au akiwa wa manjano hadi viganjani, usingoje tarehe. Na akifika miezi minne shingo bado haijakaza, au mkono mmoja hautumii, mlete mapema, maana mazoezi ya viungo husaidia zaidi yakianza angali mdogo.