Juliette Low: Mjane kiziwi aliyewafungulia wasichana lango la msitu

Alipotimiza umri wa miaka 51, Juliette Gordon Low alikuwa mjane asiye na mtoto, na masikio yake yalikuwa karibu yamezibika kabisa. Ni katika umri huo ambapo alianza kazi iliyolifanya jina lake lidumu: kuwatoa wasichana wa Marekani sebuleni na jikoni, na kuwapeleka msituni, mtoni na kambini ili wajifunze huko.

Alizaliwa Oktoba 31, 1860 mjini Savannah, jimbo la Georgia, katika ukoo uliotajirika kwa biashara ya pamba. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, na babake akaenda kupigana upande wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Jamaa zake walimwita Daisy. Alilelewa kama mabinti wa tabaka lake: lugha za kigeni, uchoraji na adabu za mezani, hadi posa ije.

Masikio yake yaliharibika mapema. Alipokuwa na miaka ipatayo 25, tiba ya sikio lililouma ilimpunguzia uwezo wa kusikia. Mnamo Desemba 1886 aliolewa na William Mackay Low. Siku ya arusi wageni waliwarushia maharusi mchele, kama ilivyo desturi ya kwao, na punje moja ikaingia katika sikio lake la pili. Sikio hilo nalo likaharibika.

Ndoa yenyewe haikumpa faraja. Waliishi Uingereza katika jumba la fahari, lakini mumewe alikuwa mtu wa anasa na hatimaye akachukua kimada. Katika miaka hiyo Juliette alijifunza uhunzi, akafua kwa mikono yake malango ya chuma ya jumba hilo. Bwana Low alifariki mwaka wa 1905 kabla talaka haijakamilika, na wosia wake ukampa kimada sehemu kubwa ya mali. Mjane alilazimika kupigania haki yake.

Baada ya dhiki, faraja. Mwaka wa 1911 alikutana na Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, yule yule ambaye kaburi lake liko Nyeri. Nchini Uingereza wasichana walikuwa tayari wameanza kundi lao, Girl Guides. Juliette alilianzisha kundi hilo katika bonde la Glen Lyon, Scotland, kwa mabinti wachache wa wakulima. Aliwafunza kusokota sufu na kufuga kuku ili wapate kipato bila kuhamia mijini kufanya kazi viwandani.

Mapema mwaka wa 1912 alirejea Savannah na kumpigia simu binamu yake aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Machi 12 mwaka huo, wasichana 18 waliandikishwa.

Kazi haikuwa rahisi. Wasichana hao walipocheza mpira wa kikapu, uwanja ulizungushiwa mapazia ya turubai ili wapita njia wasiwaone wakiwa wamevaa kaptura pana. Mzazi wa wakati huo angemruhusuje bintiye kulala kwenye hema msituni? Juliette alilijibu swali hilo kwa utaratibu: kundi lenye sare, lenye kanuni, na lenye viongozi wanawake ambao wazazi waliwafahamu. Aidha, alimtafuta Walter Hoxie, mtaalamu wa viumbe na mimea, aliyewaongoza wasichana katika matembezi ya kujifunza na kuandaa kitabu chao cha mafunzo cha mwaka wa 1913. Mwaka huo ndipo jina la Girl Scouts lilipoanza kutumika.

Fedha zilipopungua, aliuza mkufu wake wa lulu. Uziwi nao aliufanya silaha, kwani inasimuliwa kuwa alijifanya hasikii kila alipojibiwa kwamba mtu hana nafasi ya kusaidia.

Hata hivyo, lango hilo halikufunguliwa kwa wote. Katika majimbo ya Kusini wasichana weusi walitengwa, na chama kiliwaachia viongozi wa maeneo waamue nani apokelewe. Mjini Nashville, mwanamke mweusi aitwaye Josephine Holloway alipata mafunzo ya uongozi mwaka wa 1924, lakini kundi lake halikutambuliwa rasmi hadi mwaka wa 1942. Hata mbuga na bustani nyingi za umma za Kusini ziliwabagua weusi wakati huo. Baadaye kambi ya wasichana ilipewa jina la Holloway.

Juliette aligundulika kuwa na saratani ya matiti mwaka wa 1923, akaificha kwa wengi na kuendelea na safari zake. Alifariki Januari 17, 1927 mjini Savannah, akazikwa akiwa amevaa sare ya skauti. Chama chake kilikuwa na wanachama zaidi ya 160,000. Mwaka wa 2012 serikali ya Marekani ilimtunukia Nishani ya Uhuru ya Rais.

Katika karne hii, chama hicho kimeshirikiana na idara ya mbuga za kitaifa za Marekani katika mpango wa Girl Scout Ranger. Kupitia mpango huo wasichana hutumia saa kadhaa mbugani wakijifunza historia na mazingira, au wakifanya kazi za kujitolea, na kutunukiwa cheti au beji.

Nasi nchini Kenya tuna mbuga, na Girl Guides wamekuwapo tangu 1920. Msichana anayeishi karibu na ua wa mbuga bila kuwahi kuingia ndani anahitaji yale aliyoyapanga Juliette: kiongozi ambaye mzazi anamwamini, mtaalamu wa kumfundisha, na mwenye mbuga aliye tayari kumfungulia.