Aliyesomea Kwenye Korido

Huu ni msimu wa mahafali katika vyuo vya Biblia. Majoho yanapigwa pasi, akina mama wanapiga vigelegele, na mashada ya kumetameta yanajaa shingoni mpaka kidevu cha mhitimu hakionekani. Ni furaha ya haki, maana kusoma Neno ni kazi. Lakini wiki hii tumkumbuke mtu mmoja aliyesoma chuo cha Biblia bila kupewa hata kiti ndani ya darasa.

William Joseph Seymour alizaliwa mwaka 1870 huko Centerville, Louisiana, Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alipokua alifanya kazi ya kuhudumu mezani hotelini. Kisha akaugua ndui, akapona, lakini jicho la kushoto likapofuka. Hapo akaitikia wito wa kuhubiri.

Akiwa Houston, Texas, alisikia kwamba mhubiri Mzungu, Charles Parham, amefungua shule ya Biblia na anafundisha juu ya ubatizo wa Roho Mtakatifu. Seymour akaomba kusoma. Shida ilikuwa rangi yake. Kule Texas wakati huo Mweusi hakuketi darasa moja na Mzungu. Basi akaambiwa akae nje, kwenye korido, mlango uachwe wazi kidogo. Mtu mzima, mtumishi wa Mungu, anasikiliza somo mlangoni! Wengi wetu tungeenda nyumbani na uchungu. Yeye alikuwa na njaa ya Neno, akakaa, akasikiliza.

Majuma machache baadaye aliitwa Los Angeles kuchunga kanisa dogo. Hakuondoka na joho wala cheti. Alifika Februari 1906, akahubiri aliyojifunza, na muda si muda akakuta mlango wa kanisa umefungwa, asiingie tena. Mara ya pili sasa, mlango!

Akaanza maombi katika nyumba za watu. Tarehe 9 Aprili 1906 Roho Mtakatifu aliwashukia, wakanena kwa lugha. Umati ukajaa mpaka wakahamia jengo kuukuu la mbao, namba 312, Azusa Street, lililokuwa limetumika kama zizi la farasi. Mimbari yake ilikuwa masanduku ya mbao, na mara nyingi Seymour aliinamisha kichwa ndani yake akiomba. Magazeti yaliwacheka, lakini kwa miaka kama mitatu watu walimiminika kutoka nchi mbalimbali.

Sasa sikiliza, mpendwa. Huyu aliyeachwa kwenye korido, alipopata mlango wake mwenyewe aliufungua wote. Weusi, Wazungu, Walatino, tajiri na mfua nguo walipiga magoti pamoja. Wanawake walihubiri. Hakuna aliyeambiwa akae nje. Mwalimu wake Parham alipokuja Oktoba mwaka huo, hakupendezwa na alichokiona, na njia zao zikaachana. Seymour alibaki pale pale akichunga, hata umati ulipopungua. Alifariki tarehe 28 Septemba 1922, akiwa na miaka 52.

Ndugu mhitimu, hongera sana. Vaa joho lako, piga picha, kula keki. Lakini Jumatatu utakapopewa darasa, kikundi cha nyumbani au mimbari, angalia nje ya mlango wako. Ni nani yuko kwenye korido? Pengine ni mlinzi anayesikiliza mahubiri akiwa getini, au dada wa kazi anayebaki nyumbani kila Jumapili, au kijana aliyekosa karo. Mwite ndani, mpe kiti.

Nasi tuliobaki tujiulize kama kanisa: ni mlango gani tumeufunga? Nyumbani soma Matendo 10, uone jinsi Petro alivyoingia nyumba ya Kornelio. Kisha uombe, na ukimaliza kuomba, ukafungue mlango.