Raiffeisen: Meya Aliyeokoa Ng'ombe wa Wakulima

Ndugu wanachama, mwaka huu tunamkumbuka Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1818. Aliacha jeshi kwa ugonjwa wa macho, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch. Njaa ya 1846 na 1847 ilipoingia, aliunda chama cha kuwapa wananchi mkate kwa mkopo.

Aliona pia kwamba mwaka mbaya huondoka na zana. Mkulima alichukua ng'ombe kwa mkopo wa mlanguzi. Mavuno yakipungua, alishindwa marejesho, akabaki na deni bila ng'ombe. Mwaka 1849, akiwa Flammersfeld, alianzisha chama kilichonunua mifugo, wakulima wakalipa kidogo kidogo kwa miaka 5. Chama hicho kilidhaminiwa na matajiri, na hisani yao haikudumu. Hivyo mwaka 1864, kule Heddesdorf, wakopaji wenyewe wakawa wanachama na kudhaminiana kwa mali zao. Alifariki mwaka 1888, akiwa karibu kipofu. SACCOS zetu ni wajukuu wa wazo hilo.

Kwetu nyumbani, bei ya mazao ikishuka, plau na pawatila ndizo huuzwa kwanza. Msimu unaofuata mwenyewe anakodi kile alichokuwa nacho. Mchango wako unaingia kwenye mfuko wa mikopo ya zana, nao utarejeshwa na kumkopesha mwingine. Tuchange mapema, kabla zana hazijauzwa.