Baba wa Panya wa Maabara, Wakili wa Sigara

Ingia maabara yoyote kubwa ya jenetiki duniani leo, uulize wanatumia panya gani. Kuna uwezekano mkubwa ukaoneshwa panya mdogo mweusi mwenye jina kama namba ya gari: C57BL/6. Aliyeanzisha ukoo wake ni Mmarekani Clarence Cook Little, aliyezaliwa Brookline, Massachusetts, mwaka 1888 na kufariki 1971. Watu wa jenetiki wanamheshimu. Watu wa afya ya jamii wakisikia jina lake wanakunja uso. Na jamani, wote wana haki.

Mwaka 1909 Little alikuwa mwanafunzi tu wa Harvard, chini ya mwalimu wake William Castle. Swali lililomsumbua lilikuwa hili: panya mmoja akipata saratani na jirani yake asipate, utajuaje kama chanzo ni jeni, chakula, au bahati mbaya tu? Jibu lake likawa kuzalisha kaka na dada, kisha watoto wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Walikuwepo waliodhani ukoo wa namna hiyo utadhoofika mpaka ufe. Haukufa. Baada ya vizazi 20 hivi unapata panya wanaofanana kijeni karibu kama mapacha wa yai moja. Ukoo wake wa kwanza unaitwa DBA. Mwaka 1921 akaanzisha C57, kutokana na panya wa Abbie Lathrop, mwalimu wa zamani wa shule aliyekuwa akifuga panya kijijini Granby na kuwauza.

Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana wazi zaidi baada ya yeye kufa. Mwaka 1981 wanasayansi walifanikiwa kuotesha maabara seli shina za kiinitete cha panya, na kufikia 1989 walikuwa wameshazaliwa panya wa nokauti. Ndiyo, nokauti ileile ya ndondi: unaichagua jeni moja, unaiangusha isifanye kazi, halafu unatazama nini kinaharibika. Mwili ukikua vibaya tumboni, umejua jeni ile inajenga nini. Mwaka 1992 iliangushwa jeni ya p53. Panya wengi walizaliwa wazima kabisa, lakini wakaota uvimbe wa saratani mapema. Kumbe kazi ya p53 ni ulinzi! Tuzo ya Nobel ya 2007 ilikwenda kwa Capecchi, Evans na Smithies kwa mbinu hii. Lakini fikiria: kama panya wako wanatofautiana kwa maelfu ya jeni, kuangusha moja kutakuambia nini? Ndiyo maana wanaohitaji jibu safi huihamishia nokauti kwenye ukoo mmoja unaofanana, mara nyingi ule wa Little.

Turudi kwa mwenyewe. Mwaka 1922 akawa rais wa Chuo Kikuu cha Maine, akiwa na miaka 33 tu. Mwaka 1925 akahamia Michigan, ambako wanafunzi walimkumbuka kwa marufuku ya magari. Aligombana na wengi, akajiuzulu 1929. Mwaka huohuo, kwa pesa za matajiri wa magari wa Detroit, akafungua Maabara ya Jackson mjini Bar Harbor. Uchumi ukaanguka miezi michache baadaye, maabara ikajiokoa kwa kuuza panya. Moto wa 1947 uliteketeza karibu panya wote, na wanasayansi wa kwingine waliokuwa wamenunua panya zamani wakawarudisha ili koo zile zianze upya.

Sasa upande wa pili. Little alikuwa pia kiongozi katika harakati za yujeniksi, za watu waliojipa mamlaka ya kusema nani anafaa kuzaa na nani hafai. Alichokifanya kwa panya, wenzake walitamani kukifanya kwa binadamu.

Halafu sigara. Kwa miaka mingi Little aliongoza chama cha Marekani cha kupambana na saratani. Mwaka 1950, tafiti za Uingereza na Marekani zilionesha wavutaji wanapata zaidi saratani ya mapafu. Mwaka 1953 panya waliopakwa lami ya sigara mgongoni wakaota saratani ya ngozi. Panya, tena! Ungetegemea mzee wa panya awe wa kwanza kupiga kengele. Badala yake, mwaka 1954 alikubali kuwa mkurugenzi wa sayansi wa kamati ya utafiti iliyoundwa na kulipiwa na kampuni za tumbaku. Msimamo wake mpaka anakufa ulikuwa kwamba ushahidi hautoshi, pengine ni maumbile ya mtu, utafiti uendelee. Hata ripoti ya serikali ya Marekani ya 1964 haikumgeuza.

Tazama ujanja wake. Maneno hayo yote yanasikika kama sayansi. Ni kweli kabisa kwamba jeni zina mchango katika saratani, yeye mwenyewe alitumia ujana wake kuonesha hivyo. Lakini jeni kuwa na mchango hakuondoi mchango wa moshi. Mtu aliyetufundisha kubadili kitu kimoja na kushikilia vingine vyote alikataa kuitumia kanuni hiyohiyo pale jibu lilipowaudhi waliomlipa.

Panya wake tuendelee kuwatumia, hawana kosa. Ila wewe unayeandika pendekezo la utafiti muhula huu, pamoja na kuuliza nani atakufadhili, jiulize pia: siku data zikimkataa mfadhili, utasimama upande gani? Little alikuwa na akili, vyeo na heshima. Swali hilo ndilo lililompiga nokauti.