Willis Carrier: fundi wa baridi aliyefika mpaka chini ya Johannesburg

Kila joto la Mei likianza hapa Maskati na viyoyozi vikaanza kuunguruma nyumba nzima, mimi humkumbuka mtu mmoja. Watoto wetu wanaliona jina lake limebandikwa kwenye mashine, wakadhani ni jina la kiwanda tu. Kumbe Willis Carrier alikuwa mtu, na kazi yake ilifika mbali kuliko sebule zetu.

Mimi ni fundi wa baridi. Miaka yangu ya ujana niliimaliza Johannesburg, kwenye ghala la matunda upande wa City Deep, nikihudumia kompresa za amonia. Mzee aliyenifunza kazi alinichukua siku moja mpaka kusini ya jiji, akanionyesha ilikokuwa migodi ya Robinson Deep. Siku hizi ukilitaja jina hilo watu wanafikiria jaa la taka. Yeye alitaka nijue kwamba hapo ndipo baridi ya mashine kubwa ilipoteremshwa shimoni kwa mara ya kwanza Afrika Kusini.

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876, shambani karibu na kijiji cha Angola. Si Angola ya jirani zetu, ni Angola ya jimbo la New York. Utotoni sehemu za hesabu zilimshinda kabisa. Mama yake akamwambia alete matufaha, akayakata nusu, robo na thumuni mpaka kijana akafahamu. Mama huyo alifariki Willis akiwa na miaka 11 tu.

Alimaliza chuo cha Cornell mwaka 1901 akapata kazi Buffalo kwa dola 10 kwa wiki. Mwaka uliofuata akaletewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn: karatasi ilikuwa inavimba na kunywea kwa sababu ya unyevu wa hewa, rangi moja haikai juu ya nyingine. Yeye akapitisha hewa kwenye mabomba ya baridi, unyevu ukaganda matone na kudondoka. Hebu lishike neno hilo, unyevu, maana ndilo litakalotupeleka Johannesburg. Watu wanadhani Carrier alianza kwa kutafuta ubaridi, lakini alianza kwa kutafuta ukavu. Mwaka 1911 aliwapa wahandisi wenzake hesabu za hewa na unyevu ambazo mpaka leo tunazitumia, na mwaka 1915 yeye na wenzake sita wakafungua kampuni yao.

Sasa tuje kwenye gesi. Zama hizo mitambo mingi mikubwa ilitumia amonia na kompresa za pistoni. Amonia ni gesi hodari sana kwa kazi, inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, lakini ikikutoka hovyo inachoma macho na mapafu, na ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani inaweza kulipuka. Nani ataiweka chini ya ukumbi wenye maelfu ya watu? Carrier akatengeneza kompresa ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, akaionyesha hadharani mwaka 1922, na akachagua kemikali inayofanya kazi kwa presha iliyo chini ya hewa ya nje. Maana yake, bomba likitoboka, hewa ndiyo inayoingia ndani, gesi haitoki. Kwa fundi kama mimi hilo ni jambo kubwa kuliko sifa zake zote.

Mwaka 1925 alitaka kufunga mashine hiyo kwenye sinema ya Rivoli, New York. Mkuu wa usalama wa jiji akakataa. Carrier akaenda ofisini kwake na chupa ya kemikali, akaimimina kwenye chombo, akaitia kiberiti. Iliwaka polepole, haikulipuka, na ruhusa ikapatikana. Inasimuliwa kama ushujaa, lakini mimi singemruhusu mwanagenzi wangu kufanya vile, na mvuke wa kemikali za aina ile leo tunajua una madhara yake.

Johannesburg nako watu walikuwa wanakufa kwa joto. Mwaka 1924 viliandikwa vifo vya kwanza vya kiharusi cha joto kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Mwamba wa chini una joto lake, na hewa ikishuka hujikandamiza ikazidi kupata moto. Juu ya hayo, mwamba ulikuwa unamwagiwa maji ili vumbi linaloharibu mapafu litulie. Basi hewa ikajaa unyevu na jasho la mchimbaji halikauki. Ukiponea vumbi, unyevu unakungoja. Mwaka 1935 kampuni ya Carrier ikafunga mtambo Robinson Deep, juu ya ardhi, ukipoza na kukausha hewa kabla ya kuipuliza chini zaidi ya kilomita 2. Tusidanganyane, haikuwa huruma tupu. Wenye migodi walitaka kuchimba chini zaidi, na aliyekuwa chini na nyundo, tena kwa mshahara mdogo, alikuwa Mwafrika.

Kuwekwa juu kulikuwa na faida nyingine: gesi ikivuja, haivujii shimoni ambako mtu hana pa kukimbilia. Fikra hiyo hiyo mzee wangu aliileta kwenye kompresa zetu. Kabla ya kufungua boliti moja, zima mashine, funga swichi kwa kufuli na ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe. Vuta gesi mpaka mita isome sifuri, kisha ungoje, uitazame tena, kwa sababu amonia iliyojificha ndani ya mafuta huchemka na presha ikarudi. Boliti unazilegeza kwanza za upande usiokuelekea, na huzitoi zote.

Kuna kijana wa zamu ya usiku, ghala nisilolitaja, alikuwa anatoa mafuta chini ya tangi. Vali haikutoa kitu. Akaifungua zaidi, akachokoa kwa waya. Uchafu ulipochomoka, mafuta yakatoka pomoja na amonia nyuma yake. Alikuwa peke yake, hana barakoa, na vali ilikuwa ya kawaida, si ile ya springi inayojifunga ukiiachia. Sisi tulimsikia kwa kikohozi. Tulimwagilia maji muda mrefu mpaka gari la wagonjwa likafika. Alipona, ila jicho moja halikurudi sawa.

Carrier alifariki New York tarehe 7 Oktoba 1950, akiwa na miaka 73. Kompresa za aina yake, za gurudumu, ziko mpaka leo kwenye majumba makubwa ya Dubai na Doha, na kemikali ndani yake zimebadilishwa mara kadhaa tangu zama zake.

Mwanangu wa pili ameanza kazi hii mwaka huu, ghala la samaki huko Sohar. Ndugu zake walimnunulia seti ya spana. Mimi nilimnunulia barakoa ya amonia na kufuli moja lenye ufunguo mmoja.